Kumuuguza nyumbani mgonjwa wa korona anayekunywa pombe: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Baba kapimwa, ana korona, anadai bia yake: tumpe? Pombe kali yenye tangawizi si inaua kirusi kooni? Alikunywa jana usiku, leo ameze dawa za homa? Tumemweka chumbani siku ya pili hana hata tone, mbona anatetemeka na kuongea na ukuta? Nayasikia mjini Dodoma, nayasikia Hombolo na Mpwapwa, na karibu kila mara mtu anauliza akiwa tayari na mgonjwa ndani. Kwa hiyo nimeyapanga kwa namna ya kutenda. Soma ukiwa na kalamu.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili. Pombe haikingi korona wala haiitibu, na inachelewesha kupona. Lakini mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kufa kwa kukosa pombe kabla korona haijamfikisha popote. Familia zinafanya kosa hili kwa upendo kabisa: wanamtenga mzee, wanafunga mlango, wanaficha chupa. Hivyo kazi yako ya kwanza si kuficha chupa. Ni kujua anakunywa kiasi gani.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa, usiku wa tatu hutakumbuka kitu.
- Kipimajoto.
- Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni. Kikikosekana, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia pumzi.
- ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), maji yaliyochemshwa, na chombo cha lita 1.
- Parasetamoli ya miligramu 500.
- Barakoa, sabuni, na chumba chenye dirisha linalofunguka.
- Namba ya zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, namba ya bure ya Wizara ya Afya ambayo ni 199, na namba ya mwenye bajaji au gari ambaye umeshaongea naye kwamba anaweza kuamshwa saa nane za usiku. Ongea naye leo, usingoje usiku ufike.
- Mtu mmoja ambaye mgonjwa anamsikiliza. Mara nyingi si mke wala mtoto. Ni dada yake mkubwa, mjomba, au rafiki yake.

Na hakikisha kweli ni korona. Homa bila kipimo cha malaria ni kubahatisha, na kikohozi kilichopita wiki mbili kinahitaji kipimo cha makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hasa kwa mnywaji, kwa sababu pombe nyingi huongeza hatari ya TB.

Hatua ya 1: Uliza, na uandike

Muulize akiwa peke yake, ametulia, sauti yako ikiwa ya kawaida. Maneno yawe ya namna hii: "Baba, siulizi ili nikuseme. Nauliza ili mganga wa zahanati akinihoji niwe na la kumjibu." Kisha uliza mambo manne: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, ya mwisho ulikunywa saa ngapi, na umewahi kuacha ikakuletea shida?

Andika kwa vipimo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi halisi. Toti ya mililita 50 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kama gramu 16. Chupa nzima ya mvinyo wetu wa zabibu, mililita 750, ikiwa ya asilimia 13 inakaribia bia nne. Ujimbi, komoni na wanzuki huwezi kuzipigia hesabu hivyo, maana nguvu yake inategemea mpishi na siku ilizochachuka. Andika lita tu. Kama ni gongo, andika gongo. Usimkemee, la sivyo kesho atakuficha.

Wengi hupunguza wanapojibu. Kama mkewe anasema lita tatu na yeye anasema moja, andika zote mbili.

Hatua ya 2: Jua yuko kundi gani

Kundi la kwanza ni mnywaji wa mara moja moja: harusini, mwisho wa mwezi, bia mbili Jumamosi. Anakaa siku kadhaa bila pombe na mwili haumsumbui.

Kundi la pili ni yule ambaye mwili wake umeshaitegemea. Dalili zake: anazimua kila asubuhi ndipo awe sawa, mikono inatetemeka kabla ya glasi ya kwanza, hapitishi siku bila kunywa, anakunywa nyingi kila siku kwa miezi au miaka, aliwahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha. Hata dalili moja kati ya hizi inatosha.

Kipimo cha haraka: mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka, kisha mlazie karatasi moja nyepesi juu ya vidole. Mtetemo ambao jicho halikuuona, karatasi itauonyesha ukingoni.

Ukishindwa kuamua, mhesabu kundi la pili.

Hatua ya 3: Kama ni kundi la kwanza, aache leo

Hakuna kupunguza, hakuna "ya kuchangamsha damu". Nadharia sitaki kuirefusha, ila mgonjwa akibisha mweleze mambo matatu. Pombe inalegeza ulinzi wa mapafu, ule unaosafisha makohozi na kumeza vijidudu; ndiyo maana wanywaji wa kupindukia hupata nimonia kwa urahisi na mapafu yao hushindwa kazi upesi zaidi. Pombe inamkojoza, wakati homa na jasho tayari vinamkausha. Na pombe inampa usingizi wa kuibiwa: analala upesi, anashtuka usiku wa manane, wakati mwili unajitengeneza kwa kulala.

Kuhusu ile imani ya kuua kirusi kooni: kirusi kiko ndani ya chembe hai za mwili, pombe unayomeza haikifuati huko. Kipukusi cha mikono kinafanya kazi kwa sababu kina alkoholi ya asilimia 60 au zaidi, na kinapakwa juu ya ngozi. Kiwango hicho huwezi kukifikisha kwenye damu ukabaki hai. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, alkoholi ya sumu, wakiamini inakinga korona. Methanoli inaweza kuwamo kwenye pombe kali ya magendo, na huijui kwa harufu wala ladha, sembuse mgonjwa ambaye korona imemwondolea kunusa.

Tahadhari ya nyungu: usimfukize mtu aliyelewa au anayetetemeka. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi na mikono isiyotulia ni ajali ya moto.

Hatua ya 4: Kama ni kundi la pili, usimkatie ghafla ukiwa peke yako

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, au piga simu uulize pa kumpeleka, na ukifika sema sentensi mbili kwa sauti inayosikika: "Ana dalili za korona. Na anakunywa pombe kila siku, ya mwisho alikunywa saa fulani." Sentensi ya pili watu wanaimeza kwa aibu. Bila hiyo, mganga anaona mtu anayetoka jasho na moyo unaokimbia, anafikiri ni homa tu. Akijua, ana dawa za kumvusha salama na kuzuia kifafa, na ana vitamini B1, ambayo miili ya wanywaji wa muda mrefu huwa imeishiwa.

Usimwite mtu aje kumtundikia dripu ya glukosi nyumbani. Kwa mnywaji aliyepungukiwa B1, glukosi ikiingia bila B1 inaweza kumharibu ubongo. Hospitalini wanampa B1 kwanza au vyote pamoja.

Usimpe Valium, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, iliyobaki kabatini wala ya jirani. Ikikutana na pombe, au na mapafu yaliyochoka, inaweza kumzimisha pumzi. Dawa za aina hiyo zina kazi kweli kwenye kuacha pombe, ila dozi yake inapangwa na mganga anayemwona mgonjwa.

Na kama ni usiku, mvua imekata barabara, mko kijijini Chemba huko na gari litapatikana asubuhi? Basi usimwache bila kitu. Kama yuko macho, anaongea sawa, hatapiki, anapumua vizuri na hajameza dawa ya usingizi, aendelee na kinywaji chake kwa kiasi kidogo kidogo: cha kumtuliza mikono, kisichofika kumlewesha. Kiwe kitu kinachojulikana nguvu yake, bia ya kiwandani kwa mfano, kisiwe gongo. Najua inaonekana kinyume na yote niliyosema juu. Lengo ni kumfikisha asubuhi akiwa hai, kisha kituoni.

Kama aliwahi kuanguka kifafa alipoacha, usijaribu hata hilo la kupunguza nyumbani. Huyo ni wa hospitali.

Hatua ya 5: Fuata kalenda mbili katika daftari moja

Chora ukurasa wenye nguzo mbili. Ya kwanza ni siku tangu dalili za korona zianze. Ya pili ni saa tangu glasi ya mwisho.

Kalenda ya pombe ni fupi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kukimbia huanza kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Kifafa kikija, kwa kawaida kinakuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, kuona wadudu au watu wasiokuwepo na kutojua yuko wapi huja siku ya pili hadi ya nne.

Kalenda ya korona ni ndefu. Wengi wanaozidiwa huzidiwa kati ya siku ya 5 na ya 10. Mtu anaweza kuonekana nafuu siku ya nne, mkafurahi, siku ya saba akaanza kuhema.

Ndiyo maana daftari linakuokoa. Jasho, kichwa kuuma, moyo kukimbia na kuharisha ni dalili za pande zote mbili. Mikono kutetemeka na kuona visivyokuwepo kunakuelekeza zaidi kwenye pombe. Kikohozi, kubanwa pumzi na oksijeni kushuka kunakuelekeza kwenye mapafu. Kuchanganyikiwa, kwa sababu yoyote ile, ni safari ya hospitali.

Kila baada ya saa nne mgonjwa akiwa macho, na angalau mara mbili usiku katika siku nne za kwanza, andika joto, oksijeni au pumzi kwa dakika, hali ya mikono, na jibu lake ukimuuliza leo ni siku gani.

Kifaa cha kidoleni kinasumbua kwa mtu anayetetemeka: namba inaruka 97, 88, 93. Futa rangi ya kucha kama ipo, pasha kidole moto kwa kukisugua (usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma vidole vinakuwa barafu), laza mkono wake juu ya mto, ushike kifundo taratibu kwa mkono wako, ungoje mpaka namba itulie. Andika ile iliyotulia. Ikiwa 95 na kuendelea, endelea kumwangalia. Ikiwa 94 au chini yake, mpeleke. Chini ya 90 ni dharura, usingoje kuche. Kwa anayehesabu pumzi: hesabu dakika nzima bila kumwambia unahesabu, zikipita 24 mpeleke, zikizidi 30 ni dharura.

Hatua ya 6: Dawa

Parasetamoli ndiyo ya homa na maumivu. Mtu mzima mwenye ini zima: vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mnywaji wa kila siku, mtu aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini: visizidi 4 kwa siku nzima mpaka mganga aseme vinginevyo. Soma na pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, na hapo ndipo watu wanapozidisha bila kujua.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikiwa na pombe huchubua tumbo mpaka damu. Piritoni na dawa za kikohozi zenye kodeini zikiwa na pombe huongeza usingizi na kupunguza pumzi. Metronidazo na pombe huweza kumfanya mtu atapike vibaya. Deksamethasoni inasaidia wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na hupewa hospitalini. Ukimnunulia aliye nyumbani bila kubanwa pumzi, unampandishia sukari bure.

Anayetumia dawa za sukari na amekunywa bila kula yuko hatarini sukari kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, yaani sura ile ile ya kukosa pombe. Mpime sukari. Kama huna kipimo na bado anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari kisha mpeleke. Na dawa za UKIMWI, presha au kifua kikuu zisikatwe kwa sababu tu mtu alikunywa jana.

Hatua ya 7: Maji, chakula, kulala

Pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji safi, kidogo kidogo, hasa kama anaharisha au anatapika. Juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi inapendwa na inashuka. Uji wa uwele wenye karanga zilizosagwa, ugali laini na mlenda, mayai, maharage. Mlenda hapa una faida ya pekee: koo linapouma, unateleza. Mpe kidogo mara nyingi. Mnywaji mkubwa huwa amezoea kushiba pombe na tumbo lake limesahau chakula.

Alale kiubavu au kifudifudi kama anaweza. Aliyelewa asilazwe chali hata kidogo, akitapika matapishi yanaingia mapafuni, na nimonia juu ya korona ni mzigo mzito sana.

Hatua ya 8: Wiki za kupona

Kundi la kwanza huniuliza lini waruhusiwe kunywa tena. Rai yangu: homa imeisha, dawa zimeisha, unapanda ngazi bila kuhema, unalala na kula kama zamani, na hapo ongeza wiki mbili. Aliyelazwa kwa oksijeni asiguse mpaka amerudi kliniki na kuuliza. Baadhi ya watu waliopona wanaona glasi moja inawalewesha au kuwapa maumivu ya kichwa kuliko zamani, na wale wenye uchovu wa muda mrefu na moyo unaodunda ovyo baada ya korona huzidishiwa na pombe yote hayo mawili.

Kundi la pili, ukishavuka siku kumi bila pombe kwa msaada wa wauguzi, umeshapita sehemu ngumu kwa mwili. Usirudi. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa hapa Dodoma na inatibu uraibu. Wengi wakisikia Mirembe wanaogopa majirani watasema nini. Nakuomba usimnyime ndugu yako tiba kwa kuogopa jina la hospitali.

Mambo yakienda kombo

*Ameanguka kifafa.* Mgeuze kiubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Kikiisha, hospitali, hata kama ameamka na anasema yuko sawa.

*Ana kiwi, anaona ukungu, anatapika, anapumua haraka, na jana alikunywa gongo.* Usiandike korona ukaridhika. Hiyo inaweza kuwa methanoli, na macho yanaharibika kwa saa, si kwa siku. Mpeleke, na mtaje kinywaji.

*Anaweweseka na anataka kutoka nje.* Usimfunge kamba. Washa taa, mtu mmoja tu aongee, amwite kwa jina analolipenda, huku usafiri unakuja.

*Anapewa pombe kwa siri na marafiki.* Usigombane dirishani. Mwite yule anayemsikiliza aongee nao, na uandike alichokunywa. Waambie pia kwamba kopo la kilabuni linalopokezanwa na kikohozi cha karibu ndivyo ugonjwa unavyozunguka meza nzima.

*Macho yamekuwa ya njano, au anatapika damu, au choo ni cheusi kama lami.* Hospitali sasa hivi. Acha parasetamoli mpaka waone.

*Amepata chanjo leo, akinywa chanjo inaharibika?* Bia moja haiifuti chanjo. Ila siku mbili za homa na maumivu ya mkono zikichanganyika na uchovu wa pombe hutajua kipi ni kipi, kwa hiyo apumzike kwanza.

*Alikaa wiki tatu bila pombe, leo amerudia.* Mwili umeshapoteza mazoea. Kiasi chake cha zamani sasa kinaweza kumzimisha. Asilale peke yake usiku huo, mlaze kiubavu, mwamshe kila saa. Asipoamka, au pumzi zikawa chache na za kukoroma, piga simu kwa yule mwenye bajaji.